Kulaza

Shangazi Kaltuma hasemi kuroweka.
Kuroweka ni kwa nguo, asema, na kwa maharagwe.
Nyama hulazwa.
Na hulazwa magharibi ikishaswaliwa,
redio imepunguzwa sauti,
kana kwamba ina masikio.

Bombo, nyumba ya tatu nyuma ya uzio wa kambi.
Mbuzi wa Nakasongola, paja na mbavu,
beseni la bluu lenye kiraka cha lami.
Anaanza na chumvi ya Katwe, ile ya mawe,
kaiponda mwenyewe kwa kitako cha chupa.
Chumvi ndiye mshenga:
hutangulia mlangoni, hubisha,
huwaombea wenzake ruhusa.
Ndipo waingie tangawizi na saumu,
bizari kijiko, ndimu mbili,
pilipili kwa kuitazama nyama usoni,
na papai bichi la kukunwa,
kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza,
kwa nini tusipike sasa hivi?
Akanishika mkono, akanipaka rojo lile
hadi kiwiko.
"Nenda kalale hivyo.
Asubuhi uniambie limefika wapi."
Liliniwasha usiku kucha.
Asubuhi nilinawa mara tatu kwa sabuni ya mche,
na bado darasani Mwalimu Okwir
aliiacha hesabu ubaoni, akanusa hewa,
akauliza nani amekuja na chakula.

Sasa napika katika hoteli moja Ntinda.
Huko kuna sindano. Ndiyo, sindano,
ya chuma, yenye matundu sita.
Tunamdunga kuku maji ya chumvi, dakika mbili,
anavimba kama aliyeumwa na nyuki,
anakwenda motoni, anasifiwa.
Nilimsimulia shangazi. Alicheka
hadi akashika kiuno.
"Kwani alikuwa mgonjwa?"

Kisha akanyamaza.
Akaokota ganda la ndimu, akalikunja,
akaniambia lile ambalo kwa miaka yote
nilidhani analijua kila mtu ila mimi:
ndimu ikikaa mno
huipika nyama pasipo moto.
Inapauka. Inalegea.
Ukiibonyeza, hairudi.
Subira huvuta heri, alisema,
na ikizidi huvuta nzi.

Akataja jina lisilotajwa nyumbani kwetu.
Sebit, dereva wa lori la jeshi,
aliyesema "nisubiri kidogo" akaelekea Moroto.
Kidogo hicho kilikuwa miaka kumi na moja.
Siku aliyobisha hodi
alikuwa na sukari kilo mbili, na kitenge cha Kongo,
na meno pungufu, na maneno mengi.
"Nikamtazama pale kizingitini.
Nilikuwa nimekolea, mwanangu,
nimekolea nikapitiliza.
Kila alichosema kiliingia,
na hakuna kilichonishika."
Alimpa chai.
Akampa na mgongo.

Jumamosi hii nimekuja na nyama yangu mwenyewe.
Umeme umekatika tangu adhuhuri,
kwa hiyo beseni limekaa ndani ya beseni
lenye maji ya kisima,
kifuniko juu, na juu ya kifuniko jiwe,
kwa ajili ya paka wa Mama Rajab.
Sikuandika vipimo. Nilichungulia mkono wake,
kisha nikauachia mkono wangu ukosee.
Ameonja rojo kwa ncha ya ulimi,
hakusema kitu,
akaongeza chumvi chembe tatu,
labda nne.

Ng'ambo ya uzio tarumbeta inawalaza askari.
Anazima kibatari.
Gizani namsikia akihesabu,
nikadhani ni tasbihi, kumbe ni saa:
kutoka sasa hadi alfajiri,
kidole kwa kidole.
"Niamshe saa kumi na moja," asema.

Ananigeuzia uso, naisikia pumzi yake.

"Si kumi na mbili."